Pambano la Marudiano: Ni Nani Atakayeshinda?

Kila inapotangazwa kwamba mabondia wawili waliokwisha kupambana watapanda tena ulingoni, ubishi huzuka katika mabwalo ya askari kuanzia Arua hadi Koboko. Huyu husema, "Aliyempiga jana atampiga na kesho." Yule hujibu, "La! Aliyepigwa amekwisha kujifunza. Safari hii mambo yatageuka." Wote wawili husema kwa sauti kubwa, lakini ukiwasikiliza vizuri utaona kwamba hakuna mwenye hoja. Wa kwanza anategemea matokeo tu. Wa pili anategemea huruma. Na kwa kuwa siku hizi duka la kamari haliko mbali na lango la kambi, ubishi ulioanza kwa mzaha huishia katika mshahara wa mtu, na mshahara huo una watoto nyuma yake.

Makala haya yanakusudia kumpa askari na polisi kipimo cha kupimia pambano la marudiano kabla kengele haijalia. Kipimo hicho si uganga. Ni kutazama, kukumbuka na kufikiri, mambo ambayo kila aliyewahi kukaa doria anayajua.

Watu wa West Nile si wageni katika mchezo huu. Tangu zamani za jeshi la Keya, yaani King's African Rifles, ngumi zilikuwa sehemu ya maisha ya kambi, kwani wakubwa waliamini kwamba mtu asiyeogopa ngumi hataogopa mengi. Idi Amin, ambaye ukoo wa baba yake ni wa Koboko, aliingia Keya mwaka 1946, na katika miaka ya 1950 alikuwa bingwa wa ngumi wa Uganda. Utawala wake wa baadaye ni habari nyingine, yenye machozi mengi. Hapa twataja ulingo tu. Baada ya uhuru Uganda iliendelea kutoa mabondia wa kuheshimiwa. Huko Mexico mwaka 1968 Eridadi Mukwanga alipata medali ya fedha ya Olimpiki, na Leo Rwabwogo akapata ya shaba. Rwabwogo hakuridhika. Miaka minne baadaye, mjini Munich, alirudi akatwaa medali ya fedha. Ndiyo kusema kwamba kurudi mara ya pili ukiwa bora kuliko mara ya kwanza ni jambo ambalo vijana wa nchi hii wamekwisha kulifanya.

Sasa tuingie katika shabaha yetu. Kosa kubwa la watabiri wengi ni kuuliza, "Nani alishinda safari ya kwanza?" Swali hilo jibu lake linajulikana, kwa hiyo halifundishi kitu. Swali la maana ni hili: ni kitu gani kilichomshindisha? Sababu za ushindi ni za namna mbili. Ziko sababu za kudumu, na ziko sababu za kupita. Za kudumu ni zile ambazo bondia huja nazo kila siku: urefu wa mikono, wepesi wa miguu, uzito wa ngumi, ugumu wa taya, akili ya mchezo. Za kupita ni zile za siku ile tu: mazoezi haba, dharau, mwili kunenepa, jicho kuchanika, au kosa moja ambalo laweza kurekebishwa. Ikiwa pambano la kwanza liliamuliwa na sababu ya kudumu, tegemea matokeo yale yale. Ikiwa liliamuliwa na sababu ya kupita, kaa chonjo, kwani meza yaweza kupinduka.

Tuanze na mfano wa sababu za kudumu. Tarehe 25 Septemba 1962, mjini Chicago, Sonny Liston alimwangusha Floyd Patterson, bingwa wa dunia wa uzito wa juu, katika dakika 2 na sekunde 6 za raundi ya kwanza. Patterson alikuwa mtu wa moyo, akadai marudiano. Tarehe 22 Julai 1963, mjini Las Vegas, wakakutana tena. Safari hii Patterson alidumu dakika 2 na sekunde 10. Miezi kumi ya mazoezi na ya kujilaumu ilimnunulia sekunde nne! Liston alikuwa mzito zaidi, mwenye mikono mirefu na ngumi nzito zaidi, na hakuna kambi ya mazoezi iwezayo kumrefusha mtu mkono.

Lakini mtu asije akasema kwamba Patterson alikuwa dhaifu wa marudiano. Mwaka 1959 Ingemar Johansson wa Sweden alikuwa amemwangusha mara saba katika raundi ya tatu na kumnyang'anya ubingwa. Mwaka uliofuata, tarehe 20 Juni 1960, Patterson alimlaza Johansson katika raundi ya tano, akawa mtu wa kwanza katika historia kuurudisha ubingwa wa dunia wa uzito wa juu. Mtu ni yule yule, moyo ni ule ule. Kwa Johansson, tatizo lilikuwa ngumi moja ya mkono wa kulia, na dawa yake ilipatikana. Kwa Liston, tatizo lilikuwa Liston mwenyewe.

Katika miaka yetu hii Oleksandr Usyk wa Ukraine ametupa somo kama hilo. Tarehe 25 Septemba 2021 alimshinda Anthony Joshua kwa pointi mjini London. Joshua aliongeza mwalimu mpya, akabadili mbinu, akapigana vizuri zaidi walipokutana tena Jeddah tarehe 20 Agosti 2022. Hata jaji mmoja akampa ushindi. Hata hivyo Usyk alishinda. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Tyson Fury mjini Riyadh: mwezi wa Mei mwaka 2024 Usyk alishinda kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, na mwezi wa Desemba mwaka huo huo akashinda kwa majaji wote watatu. Miguu ya Usyk na hesabu zake za ulingoni si jambo la kubahatisha. Ni mali yake, naye huja nayo kila siku.

Sasa tutazame sababu za kupita. Tarehe 19 Juni 1936, mjini New York, Max Schmeling wa Ujerumani alimwangusha kijana Joe Louis katika raundi ya 12. Dunia ilishangaa, lakini Schmeling hakushangaa. Alikuwa ametazama filamu za Louis akagundua kwamba kila baada ya kupiga ngumi ya kushoto, Louis huuteremsha mkono ule badala ya kuurudisha usoni. Basi Schmeling akawa anangoja mkono ule ushuke, kisha anapitisha ngumi ya kulia juu yake. Hapo msomaji ajiulize: je, mkono unaoshuka ni sababu ya kudumu? La hasha. Ni kosa la mazoea, na mazoea hufundishika. Louis akajirekebisha. Tarehe 22 Juni 1938 alimvunja Schmeling katika sekunde 124. Anayejua vita atalielewa jambo hili upesi: adui akikushinda kwa kupitia pengo lako, na wewe ukaliziba, huenda akaja tena akitafuta mlango ambao haupo.

Upande mwingine wa sababu za kupita ni ulevi wa sifa. Tarehe 20 Juni 1980 Roberto Duran wa Panama alimshinda Sugar Ray Leonard mjini Montreal. Leonard alikubali kupigana kifua kwa kifua, mchezo ambao Duran aliujua kuliko yeye. Baada ya ushindi Duran alizama katika sherehe, mwili ukanenepa, na alipoitwa kwa marudiano ya haraka ilimbidi apunguze uzito kwa shida. Tarehe 25 Novemba mwaka huo huo, mjini New Orleans, Leonard hakusimama tena mbele yake. Alizunguka, akapiga, akaondoka, akamfanyia na mzaha. Katika raundi ya nane Duran aligeuka akakataa kuendelea. Andy Ruiz naye alifuata njia hiyo hiyo. Tarehe 1 Juni 2019 alimwangusha Anthony Joshua mjini New York na kushangaza ulimwengu. Kwa marudiano ya tarehe 7 Desemba 2019 huko Saudi Arabia, alipanda mizani akiwa na karibu kilo 129, ilhali safari ya kwanza alikuwa na kilo zipatazo 122. Joshua alipunguza mwili wake, akapiga kwa mbali, akashinda raundi nyingi bila taabu. Ruiz mwenyewe alikiri kwamba starehe zilimharibia. Wahenga walisema kutangulia si kufika.

Na hapa yafaa tumkumbuke ndugu yetu Ayub Kalule. Mwaka 1974 alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa huko Havana. Mwaka 1979 alitwaa ubingwa wa dunia wa kulipwa wa kilo 70 nchini Japani, kwa kumshinda Masashi Kudo. Tarehe 25 Juni 1981 mjini Houston, miezi saba tu baada ya Leonard kumgeuza Duran, Kalule alipanda ulingoni na Leonard huyo huyo akiwa hajawahi kushindwa katika ngumi za kulipwa. Alisimamishwa katika raundi ya tisa. Leonard akauacha mkanda ule na kwenda kupigana na Thomas Hearns mwezi wa Septemba. Kalule hakupewa marudiano. Tusisahau basi kwamba nafasi ya pili yenyewe ni neema. Si kila aliyeshindwa huitwa tena. Wengine hubaki na jibu ambalo hakuna aliyewauliza.

Liko jambo jingine ambalo si la kudumu kabisa wala si la kupita upesi, nalo ni umri. Mkenya Fatuma Zarika alikuwa bingwa wa dunia wa wanawake tangu mwaka 2016. Alimshinda Catherine Phiri wa Zambia mwaka 2017, akamshinda tena mwaka 2019. Alimshinda pia Yamileth Mercado wa Mexico mwaka 2018, lakini katika marudiano ya mwaka 2019 Mercado akauchukua mkanda. Kwa nini marudiano mawili ya bingwa mmoja, katika mwaka mmoja, yalitofautiana hivyo? Sababu mojawapo iko wazi. Mercado alikuwa msichana anayekaribia au aliyetimiza miaka 20, na kila mwezi uliopita ulimwongezea kitu. Zarika alikuwa amekwisha kuvuka miaka 30. Saa ikipita, haiwagawii watu wote sawasawa.

Baada ya kuyajua hayo, tujaribu kipimo chetu kwa pambano moja gumu, ambalo mmoja wa wapiganaji wake alizaliwa Kampala. Cornelius Boza-Edwards alizaliwa mwaka 1956, akakulia Uingereza. Alikuwa bondia wa kutumia mkono wa kushoto, mwepesi, asiyejua kurudi nyuma. Tarehe 8 Machi 1981, huko Stockton, California, alimshinda Rafael Limon wa Mexico kwa pointi na kuwa bingwa wa dunia wa kilo 59. Tarehe 30 Mei mwaka huo alimkabili Mmarekani Bobby Chacon mjini Las Vegas. Walipigana kama watu wanaodaiana. Baada ya raundi ya 13, kati ya raundi 15 zilizopangwa, watu wa kona ya Chacon waliona yatosha, wakamkataza kuinuka. Ushindi ukawa wa Boza-Edwards. Mwezi wa Agosti yeye naye akapoteza mkanda kwa Rolando Navarrete wa Ufilipino.

Marudiano yakapangwa tarehe 15 Mei 1983, Las Vegas. Afande, jiweke katika siku ile. Boza-Edwards ana miaka 26, Chacon ana miaka 31. Boza-Edwards ndiye aliyemshinda mwenzake kabla ya muda kwisha. Ungempa nani? Mbishi wa bwaloni angesema haraka, "Boza!" Lakini tuulize maswali yetu kwa utaratibu.

Safari ya kwanza iliamuliwa na nini? Na pumzi na vipigo vya raundi za mwisho: Chacon alidumu raundi 13, kisha mwili ukakataa. Je, jambo hilo lilikuwa bado lipo? Hapa ndipo mtabiri mwangalifu angetega sikio. Mwezi wa Novemba 1982 kijana wa Korea Kusini, Duk Koo Kim, alifariki baada ya kuangushwa katika raundi ya 14 na Ray Mancini. Kwa sababu ya kifo hicho baraza la ngumi lililosimamia mkanda wa Chacon lilipunguza mapambano ya ubingwa kutoka raundi 15 hadi 12. Kwa hiyo marudiano yangekoma kabla ya kufika mahali pale Chacon alipochokea. Njia ilikuwa imefupishwa.

Swali la pili: tangu hapo kila mmoja alifanya nini? Chacon alikuwa ametwaa ubingwa tarehe 11 Desemba 1982 kwa kumshinda Limon katika raundi 15 za damu, akimwangusha sekunde chache kabla ya kengele ya mwisho. Hiyo ilikuwa mara ya nne kukutana na Limon, na Limon naye ni mtu wa mkono wa kushoto. Maana yake ni kwamba Chacon alikuwa amesoma darasa la mkono wa kushoto kwa miaka saba. Aliyeonekana mzee alikuwa amekomaa kwa kazi ile hasa aliyoitiwa.

Matokeo yakawaje? Boza-Edwards alianguka katika raundi ya kwanza. Chacon akaanguka katika ya pili. Wakaendelea kupigana, Chacon akivuja damu machoni, hata hakuna aliyejua nani atasimama. Katika raundi ya 12, ya mwisho, Chacon alimwangusha tena Boza-Edwards, na majaji wote wakampa ushindi. Gazeti maarufu la ngumi la Marekani, The Ring, liliita pambano lile bora kuliko yote ya mwaka 1983. Boza-Edwards hakuwa amezembea, wala hakudharau. Alishindwa kwa sababu mizani ilikuwa imebadilika, ingawa majina katika tangazo yalikuwa yale yale.

Kwa hiyo, ndugu askari, marudiano mengine yatakapotangazwa, jiulize maswali haya matano kabla ya kufungua kinywa. Kwanza, ushindi wa kwanza ulitokana na jambo la kudumu au la kupita? Pili, aliyeshindwa amejua kwa nini alishindwa, na je, kosa lake hufundishika? Tatu, mshindi ameishije tangu siku ile: uwanjani au karamuni? Mizani ya siku ya kupima uzito huwa haisemi uongo. Nne, muda uliopita umemjenga nani na kumbomoa nani? Tano, masharti yamebadilika, yaani idadi ya raundi, uzito, mahali na waamuzi? Ukiona majibu matatu au zaidi yanamwelekea mtu mmoja, huyo ndiye wa kutazamiwa. Ukiona yamegawanyika, nyamaza, ufurahie mchezo. Na kama hukulitazama pambano la kwanza bali uliyasikia matokeo tu, basi huna utabiri, una uvumi.

Maswali hayo yawafae pia maafande wanaoandaa vijana kwa mashindano ya vikosi. Kijana akishindwa na mwenzake wa kikosi kingine, asiambiwe tu, "Kaza moyo." Moyo wa Patterson haukupungua mbele ya Liston. Aambiwe kilichomwangusha. Kama ni mkono unaoshuka, apewe miezi ya kuuinua. Kama ni tofauti ya maumbile isiyo na dawa, asirudishwe ulingoni kwa ajili ya heshima ya kikosi, kwani kichwa ni chake, si cha kikosi. Bobby Chacon, aliyetufurahisha mwaka 1983, aliishi miaka yake ya mwisho akiugua ubongo kwa sababu ya ngumi alizopigwa, akafariki mwaka 2016. Mashabiki walikwisha kwenda nyumbani zamani; yeye alibaki na raundi zile zote kichwani.

Kuhusu fedha, neno ni fupi. Kipimo hiki hupunguza ujinga, hakiondoi bahati. Jicho laweza kuchanika katika dakika ya kwanza, jaji aweza kuona asichokiona mwingine, na ngumi moja yaweza kufuta hesabu ya mwaka mzima. Kwa hiyo askari mwenye busara atatabiri kwa mdomo, na mshahara wake ataupeleka nyumbani.

Basi ni nani atakayeshinda marudiano? Si yule aliyeshinda jana, wala si yule mwenye hasira zaidi leo. Ni yule ambaye, tangu kengele ya mwisho ya safari ya kwanza, ametambua kwa usahihi zaidi kilichotokea, na akaamka kila alfajiri kulishughulikia jambo hilo.